Ramani ya Mtandao ya Jana na ya Leo Hazilingani: Kutafuta Chanzo, kwa Mafundi wa Lamu

Umelinganisha ramani ya mtandao ya leo na ya mwezi uliopita, na programu imekuletea tofauti 180. Vifaa 40 "vimetoweka", 43 ni "vipya", na nyaya zinaonekana zimehama poti. Lakini mtandao unafanya kazi na hakuna aliyepiga simu kulalamika. Usiteremke gatini bado kutafuta boti ya Mokowe. Orodha ya namna hii kwa kawaida haitoki kwenye mtandao; inatoka kwenye namna picha mbili zilivyopigwa. Thibitisha kwanza kwamba zimepigwa kwa njia moja, ndipo tofauti itakayobaki istahili nauli.

Picha hapa ni faili inayotaja kila kifaa, anwani zake, na jirani wake kwenye kila poti, kwa wakati mmoja unaojulikana. Mfano tutakaoutumia ni mtandao wa kawaida wa huku: ofisi kuu Mkomani, tawi Shela, ghala Mokowe upande wa bara, vituo vikiunganishwa kwa redio za GHz 5 juu ya maji. Wa Malindi ambaye majengo yake yote yako nchi kavu aruke sehemu ya maji, yaliyobaki yanamhusu.

Kabla ya kuamini tofauti yoyote

Fungua picha zote mbili utazame mambo manne: zilipigwa kutoka kompyuta gani na kwenye VLAN gani (mtandao uliotengwa ndani ya swichi), zilipigwa na mtumiaji mwenye mamlaka gani, kwa amri ipi neno kwa neno, na saa ngapi. Kama moja kati ya hayo halikuandikwa popote, hapo umeshapata kosa la kwanza. Andika amri kamili ndani ya faili yenyewe. Nmap, programu ya kutafuta vifaa vya mtandao, hufanya hivyo yenyewe ukihifadhi kwa XML:

sudo nmap -sn -n -oX mkomani-$(date -u +%Y%m%dT%H%MZ).xml 10.20.10.0/24

Halafu linganisha faili mbili: ndiff ya-zamani.xml ya-leo.xml

Ndiff ikimaliza hurudisha 0 kama picha zinafanana, 1 kama zinatofautiana, 2 kama yenyewe imeshindwa kufanya kazi. Ukiiweka kwenye cron (kipanga-kazi cha Linux), tenganisha 1 na 2. Skripti nyingi huchukua kila kisicho 0 kuwa "mtandao umebadilika", na faili iliyokatika nusu kwa sababu diski imejaa inageuka kengele ya saa nane usiku.

Dalili: vifaa vimetoweka kwa makumi, vyote vya subneti moja

Chanzo cha kawaida ni sudo iliyosahauliwa, yaani amri inayotoa mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa kompyuta. Nmap ikiendeshwa kwa mamlaka ya root ndani ya subneti yake, hutafuta vifaa kwa ARP (ombi la kuuliza nani ana anwani fulani), na kifaa chenye anwani hapo hujibu ARP hata kama fayawoli yake imezima ping. Ikiendeshwa na mtumiaji wa kawaida, hujaribu tu kufungua TCP 80 na 443. Kompyuta za Windows ambazo fayawoli zake hutupa pakiti kimyakimya hazitaonekana. Ukivuka ruta hali hubadilika tena: ARP haivuki, anwani za MAC (utambulisho wa kadi ya mtandao) hazionekani kabisa, na root hutegemea ping ya ICMP, TCP 443, TCP 80 na ombi la saa la ICMP. Kwa hiyo picha iliyopigwa Mkomani kuitazama subneti ya Shela hailingani na iliyopigwa Shela kwenyewe, hata zikiachana kwa dakika moja. Weka mashine ndogo kila kituo ipige picha ya subneti yake, kisha kusanya faili mahali pamoja.

Kama picha yako inatokana na jedwali la MAC la swichi, kumbuka kwamba swichi nyingi hufuta anwani iliyonyamaza kwa sekunde 300. Printa iliyolala na kufuli ya mlango ya kielektroniki hazisemi lolote kwa dakika 5. Zigonge kwa ping subneti nzima, kisha soma jedwali papo hapo.

Na kama vilivyopotea vyote viko ng'ambo ya kiungo dhaifu, tazama muda wa kusubiri wa SNMP (itifaki ya kukiuliza kifaa hali yake). Zana za net-snmp husubiri sekunde 1 na kurudia mara 5. Kwenye setilaiti ya mbali, ambako pakiti huchukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi hata siku nzuri, hilo halitoshi mtandao ukijaa. Ongeza: -t 4 -r 5.

Dalili: idadi ya vilivyotoweka inakaribia idadi ya vipya

Hii ndiyo dalili inayopoteza muda wa watu kuliko zote, na tiba yake ni moja. Chukua vifaa 5 kutoka orodha ya vilivyotoweka, tafuta anwani zao za MAC kwenye orodha ya vipya. Ukivikuta vyote, hakuna kilichotoweka wala kilichokuja. Programu inatambua vifaa kwa anwani ya IP, na DHCP, inayogawa anwani za IP, imegawa upya. Kamera iliyozimwa muda mrefu kuliko muda wa kukodi anwani hurudi na anwani nyingine, na ramani huihesabu mara mbili: imekufa hapa, imezaliwa pale.

Badilisha ufunguo wa utambuzi kwa mpangilio huu. Kwanza namba ya siriali ya kifaa, ambayo swichi na ruta nyingi huitoa kupitia SNMP kwenye entPhysicalSerialNum. Isipopatikana, tumia kitambulisho cha chasisi kinachotangazwa na LLDP (itifaki ambayo kifaa hujitangaza nayo kwa jirani), ambacho mara nyingi ni MAC ya msingi. Kisha jina la kifaa. Anwani ya IP iwe ya mwisho, na iwe sifa ya kifaa, isiwe utambulisho wake.

Kuna upande wa pili wa kosa hili ambao unatuhofisha zaidi, kwa sababu hauleti kengele. Swichi ya Shela imeungua kwa radi wakati wa masika, fundi ameweka nyingine na kuipa IP ile ile na jina lile lile. Ramani inayotambua kwa IP inasema hakuna kilichobadilika. Kumbe toleo la programu ni jingine, nywila ni ya kiwandani, na VLAN ya wageni haijatenganishwa na ya ofisi. Ramani inayotambua kwa siriali ingelikupa mstari mmoja tu, nao ungetosha.

Simu za wageni ni jambo jingine. Tangu Android 10 na iOS 14, simu hujitungia MAC ya bahati nasibu kwa kila mtandao wa wifi. Utaitambua kwa tarakimu ya pili ya anwani: ikiwa 2, 6, A au E, anwani hiyo haikutoka kiwandani. Usijaribu kuzifuatilia. Ondoa VLAN ya wageni kwenye ulinganisho, uhesabu idadi tu.

Mwisho wa hili, tazama maandishi yenyewe. Kifaa kimoja huandika 00:1a:2b:3c:4d:5e, kingine 001a.2b3c.4d5e, kingine 00-1A-2B-3C-4D-5E. Geuza zote ziwe herufi ndogo bila vitenganishi kabla ya kulinganisha. Na usiipitishe orodha ya siriali kwenye Excel bila kuweka safu iwe ya maandishi: sufuri za mwanzo hupotea, na siriali kama 12E5 hugeuzwa kuwa 1200000.

Dalili: kila mstari umebadilika

Hapo usitafute kwenye mtandao. Faili moja imefunguliwa kwenye Windows na miisho ya mistari imebadilika. Tumia diff --strip-trailing-cr. Au mpangilio umetofautiana: kwa mpangilio wa maandishi 10.20.10.10 hutangulia 10.20.10.2, kwa hiyo panga faili zote mbili kwa sort -V. Kwenye nakala za usanidi, futa mistari inayobadilika yenyewe: mstari wa kwanza wa export ya MikroTik una tarehe na saa, na Cisco huandika lini usanidi ulibadilishwa mara ya mwisho.

Dalili: vifaa vyote vipo, viungo vimehama

Tazama kwanza kama viungo vimehama kwa mpangilio: kila kilichokuwa poti 10 sasa kiko 11, cha 11 kiko 12. Hakuna mtu aliyechomoa nyaya zote na kuzisogeza moja moja. Swichi imewashwa upya au imeongezwa moduli, na namba za ifIndex (ambazo SNMP huzipa poti) zimegawanywa upya. Linganisha kwa ifName (jina la poti) badala ya ifIndex. Kwenye Cisco unaweza pia kuzifunga namba zisibadilike kwa snmp-server ifindex persist.

Kama nusu ya ramani imegeuka bila mpangilio huo, uliza swichi ni ipi iliyo mzizi wa spanning tree (itifaki inayozuia data kuzunguka bila kikomo kati ya swichi). Ramani nyingi huchora kiungo kinachopitisha data na kuacha kilichozuiwa, hivyo mzizi ukihama michoro huhama nao. Kipaumbele cha kiwandani ni 32768 kwa zote, na namba ndogo hushinda. Zikilingana, yenye MAC ndogo hushinda, na mara nyingi hiyo ndiyo swichi kuukuu kuliko zote. Ukichomeka swichi ya zamani iliyotolewa stoo, inaweza kuchukua mzizi wa mtandao mzima kutoka kona ya jikoni. Weka kipaumbele cha 4096 kwenye swichi kuu ya Mkomani na 8192 kwenye msaidizi wake. Hii si hitilafu ya ramani. Ramani imekuonyesha kweli, na data yako inazunguka njia ndefu.

LLDP nayo ina tabia zake. Hutangaza kila sekunde 30, na jirani aliyenyamaza husahauliwa baada ya sekunde 120. CDP, ya Cisco inayofanana nayo, ni 60 na 180. Picha iliyopigwa dakika moja baada ya stima kurudi itakosa majirani, kwa hiyo subiri angalau dakika 5. Ukiona poti moja ina majirani wawili au zaidi, katikati kuna swichi ndogo isiyo na usimamizi inayopitisha matangazo ambayo haikupaswa kuyapitisha. Siku itakapobadilishwa na aina nyingine isiyoyapitisha, viungo vyote vya nyuma yake vitafutika kwenye ramani ilhali watu wanaendelea na kazi. Iandike swichi hiyo kwenye ramani kwa mkono. Haitajitangaza kamwe.

Kwa wifi ya matundu (mesh) ndani ya nyumba za mawe, antena kubadilisha mzazi wake, yaani antena inayoipitishia mtandao, ni jambo la kila siku; ukuta mnene wa tumbawe na mlango mzito wa mbao uliofungwa hutosha kuigeuza. Usihesabu badiliko la mzazi kuwa tofauti. Hesabu pale antena inapoongeza hatua moja ya kufika kwenye waya.

Dalili: kiungo cha juu ya maji kipo usiku huu, hakipo usiku ujao, kisha kinarudi

Chora kwenye karatasi saa ambazo kiungo kimeanguka. Kama kinaanguka kila siku kwa kuchelewa takriban dakika 50 kuliko jana, na hali ni mbaya zaidi siku za bamvua (maji makubwa) kuliko siku za maji mafu (maji madogo), usibadilishe redio. Ni maji.

Mawimbi ya redio hufika kwa njia mbili: yanayokwenda moja kwa moja, na yaliyogonga uso wa bahari. Yakifika yakiwa yamepishana nusu ya urefu wa wimbi, yanafutana. Chukua antena mbili zilizo mita 15 juu ya maji yaliyojaa, umbali wa kilomita 4. Njia iliyogonga maji ni ndefu kwa mara mbili ya zao la vimo, gawanya kwa umbali: 2 × 15 × 15 ÷ 4000, yaani takriban sentimita 11. Maji yakipwa kwa mita 3, vimo vinakuwa 18, na tofauti inakuwa sentimita 16. Imeongezeka sentimita 5, na urefu wa wimbi kwenye GHz 5.5 ni sentimita 5 na nusu. Kwa hiyo bahari ikitoka kujaa hadi kupwa, kiungo hupita karibu mzunguko mzima wa nguvu na udhaifu. Picha inayopigwa kila usiku saa ile ile inakuta maji yakiwa mahali tofauti, na hali hujirudia baada ya takriban siku 15.

Pima kabla ya kutibu. Rekodi nguvu ya mawimbi kila dakika 5 kwa siku 15, ziweke kando ya jedwali la maji. Kama kinaanguka maji yanapopita kimo fulani, yakipanda na yakishuka vilevile, ni mawimbi kufutana. Kama kinaanguka tu maji yakijaa sana na antena ziko chini, maji yameingia kwenye nafasi ambayo wimbi linahitaji kupita. Kwa kilomita 4 nafasi hiyo katikati ya njia ni takriban mita 7 kila upande, na angalau asilimia 60 yake lazima iwe wazi.

La pili hutibiwa kwa kupandisha mlingoti. La kwanza halitibiwi hivyo kila mara. Kupandisha kunaweza kuongeza idadi ya vimo ambapo mawimbi yanafutana. Rudisha antena nyuma kutoka ukingo wa dari ili ukingo wenyewe ufiche maji ya katikati lakini usifiche antena ya ng'ambo, au tumia antena mbili kwa vimo tofauti upande mmoja, ili moja ikidhoofika nyingine iwe na nguvu.

Kwenye ramani, usifute kiungo cha majini kwa kukikosa mara moja. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa 6 na dakika chache. Pima kila saa 2 kwa saa 6, na ukiandike "kimekatika" pale tu kilipokosekana mara zote. Kikikosekana mara moja au mbili, kiandike "dhaifu", ukitaja maji yalikuwa wapi.

Dalili: ramani imerudi nyuma

Umelinganisha na wiki jana, tofauti ni nyingi. Ukalinganisha na miezi miwili iliyopita, hakuna tofauti hata moja. Stima ilikatika, na swichi imeamka na usanidi wa zamani kwa sababu aliyebadilisha VLAN hakuhifadhi. Kwenye Cisco ni copy running-config startup-config. MikroTik huhifadhi yenyewe. Ndiyo sababu hatushauri kuweka picha mbili tu. Weka za kila usiku kwa siku 30, moja ya kila mwezi kwa mwaka, na picha ya msingi iliyoidhinishwa. Kila usiku linganisha na jana na pia na ya msingi, maana mabadiliko madogo ya kila siku hayaonekani kwa jirani yake, lakini baada ya miezi mitatu mtandao umekuwa mwingine.

Dalili: mpangilio wa matukio hauna maana

Faili iitwayo picha-saa8 ni ya 02:00, 08:00 au 14:00? Aliyeiandika anajua, wewe wa zamu ya pili hujui. Andika saa kwa mfumo wa tarakimu 24 na kwa UTC, ukiweka Z mwishoni. Kenya iko saa 3 mbele ya UTC na haibadilishi saa kwa msimu, hivyo picha yoyote ya kati ya saa sita na saa tisa usiku itakuwa na tarehe ya jana kwenye seva ya UTC. Kifaa kinachoonyesha 1970 kimewashwa upya na hakijaifikia seva ya NTP (ya kusawazisha saa). Weka NTP ya ndani Mkomani, ili kiungo cha nje kikianguka vituo visipoteze saa. Na swichi inayosema imewaka siku chache tu ilhali haijazimwa, tazama kama imepita siku 497: kihesabu cha sysUpTime cha biti 32 hujaa hapo na kuanza upya.

Dalili: ramani zinafanana kabisa, lakini watu wanalalamika mtandao ni mzito

Ramani yako inalinganisha uwepo tu. Ongeza kasi ya kila kiungo, dupleksi (kutuma na kupokea kwa pamoja au kwa zamu), na hesabu ya makosa ya CRC (data iliyoharibika njiani). Kwa hewa yetu ya chumvi, badiliko la kawaida ni kiungo kushuka kutoka Mbps 1000 hadi 100. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyaya. 100 inahitaji mbili, pini 1, 2, 3 na 6. Pini moja ya 4, 5, 7 au 8 ikila kutu, kwa kawaida kiungo hakianguki, kinashuka. Chomoa plagi uitazame kwenye mwanga: ukijani kwenye shaba ndiyo jibu. Kata sentimita 10 za kebo au zaidi hadi ufike shaba safi, bana plagi mpya, paka grisi ya silikoni isiyopitisha umeme, na kiunganishi kitazame chini, kebo ikiwa na kitanzi kabla ya kuingia ili maji yadondoke nje. Usipulizie mafuta ya kulainisha bawaba, hukusanya vumbi.

CRC zikiongezeka bila kasi kushuka, pima urefu (kikomo ni mita 100) na utazame kama kebo imelazwa sambamba na nyaya za stima juu ya boriti.

Dalili: kifaa kimoja kipya, na umeshathibitisha ni kipya kweli

Tafuta MAC yake kwenye jedwali la swichi kuu, uone imeingia poti gani. Poti hiyo ikielekea swichi nyingine, hamia huko, mpaka ufike poti yenye MAC hiyo peke yake. Biti 24 za mwanzo zitakupa mtengenezaji. 00:50:56 ni mashine pepe ya VMware, 52:54:00 kwa kawaida ni ya KVM, na hizo huhama seva bila hitilafu yoyote. Kama watumiaji wa karibu wameanza kupata anwani za 192.168.1.x zisizo zako, mtu ameleta ruta yake ya nyumbani na kuichomeka upande wa LAN, nayo inagawa anwani. Iwashe DHCP snooping (swichi kuzuia wagawaji wa anwani wasioaminiwa), poti ya kwenda kwenye seva ya DHCP pekee ndiyo iaminiwe.

Usichomoe kabla ya kuuliza. Kwenye zahanati inaweza kuwa mashine ya maabara iliyofungwa jana na mwuzaji bila kukuarifu. Mtafute mwenyewe, andika jina la idara, chumba, poti na tarehe, ndipo uamue kuifunga poti kwa amri au kukiingiza kifaa kwenye picha ya msingi. Kisichokuwa na mwenyewe kisiingie.